Karatasi Kwenye Tundu la Kaseti

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea kwisha, kazi yangu ilikuwa kukusanya vitu vya watu. Chuo kikuu kilitaka kuviingiza kwenye kompyuta ili vidumu: barua, ramani za mashamba, picha za harusi zilizoliwa na mende, daftari za kwaya, kaseti. Nilikuwa na chumba kimoja Nalufenya, mtaa wa Jinja, skana moja, redio ya kaseti yenye milango miwili, na mgongo ulioniuma tangu asubuhi. Umeme unazalishwa hapo hapo Jinja, lakini kwetu ulikatika kila siku. Ungemlalamikia nani?

Kaseti ya mama mmoja wa Malukhu, kule Mbale, ndiyo iliyonimaliza. Mumewe alikuwa askari jela. Enzi za utawala wa jeshi alihamishiwa kaskazini, akatuma salamu kwa kaseti, kisha hakuonekana tena. Ndani yake alimsalimia mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtoto huyo sasa alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alitaka sauti ya baba isikike kwenye sherehe.

"Binti ya afande," aliniambia, maana baba yangu alikuwa polisi, "hii iko moja tu. Ulete mbele ya Jumamosi."

Nilikuwa ndiyo kwanza naweka kaseti yake na kaseti tupu redioni ninakili, umeme ukakatika. Nikazitoa zote mbili, mkanda usije ukatafunwa. Uliporudi nilikuwa hoi, nikazirudisha kila moja mlango wa mwenzake. Kitufe chekundu cha kurekodi kikagoma kushuka. Kaseti ya mama ilikuwa imevunjwa kile kijino cha nyuma, ili mtu asirekodi juu yake. Mashine ilinikataza waziwazi! Lakini sisi tuliokulia kambini kwa polisi tuliijua dawa yake: unakunja kipande cha karatasi, unakisokomeza kwenye tundu, kitufe kinashuka. Hivyo ndivyo tulivyorekodi muziki juu ya kaseti za mahubiri za baba. Mkono wangu ukafanya wenyewe, wala sikuangalia. Nikalaza kichwa mezani.

Kaseti tupu ikamwaga ukimya wake juu ya sauti ya mtu yule, karibu upande mzima. Jamani, nilijichukia.

Ijumaa nikabeba redio na kaseti, nikapanda gari kwenda Mbale. Tulipopita Busiu, Mbale ikiwa karibu, nilikuwa bado natunga uongo. Nilipofika nikapiga magoti nikasema kweli, nikamwonyesha mpaka ile karatasi. Binti alikuwa amesimama mlangoni, vibiringisho vya nywele kichwani, anasikia kila kitu.

"Yote?" mama akauliza.

"Umebaki mwisho tu, anaposema betri zinaisha."

Hakulia. "Basi washa mashine yako."

Nikaweka kaseti mpya. Akaisema yote kwa kichwa, maana miaka zaidi ya ishirini alikuwa akiisikiliza peke yake: Kiswahili kile kile cha kambini, salamu za majirani, amri ya kuziba paa. Pale mumewe alipokohoa, naye akakohoa. Kisha akamgeukia binti. "Na wewe uko tumboni, mimi baba yako. Ukitoka, ujue nilikuwa nakuwaza."

Binti akakaa sakafuni, vibiringisho na vyote, akalia kwa sauti.

Mama akaichukua kaseti mpya mkononi mwangu, akavunja kijino chake kwa kisu cha jikoni. Halafu akaninyooshea kiganja.

"Na ile karatasi yako. Lete hapa."