Plaji Niliyoipanga Sebuleni

Watu wa Bukavu wanaamini kwamba mtu akikaa Uvira, basi anakaa ndani ya ziwa. Wanadhani asubuhi tunafungua mlango, samaki anajirukia mwenyewe kwenye sufuria, halafu tunalala juu ya mchanga mpaka jua lishuke. Minye, yaani mimi, nimezaliwa Uvira, nimesoma Uvira mpaka nikapata diploma yangu ya Serikali, nimeoa Uvira, na siku nyingi za mwaka ziwa silioni kabisa. Niko fundi cherehani. Mashine yangu iko sebuleni na inatazama ukuta. Wateja wananikuta hapo. Kutoka kwetu Rugenge mpaka majini ni dakika kumi kwa miguu, lakini hata dakika kumi zinataka sababu.

Kwa hiyo yaya alipopiga simu kutoka Bukavu, mwezi wa pili, akasema, "Pasaka tunakuja kufanya vakansi ku plaji, na weye njo utapanga," nilikasirika kwanza. Yaya ni dada yangu mkubwa, amenipita miaka tisa, na alinibeba mgongoni. Mtu aliyekubeba mgongoni humwambii kwamba mambo ya plaji, likizo ya ufukweni, huyajui. Nikajaribu njia ya pembeni.

"Yaya, si Bukavu nako kuna ziwa? Kivu ni zuri, na baridi yake safi."

"Sikukuuliza Kivu."

"Wakati wa Pasaka batu ni wengi. Kwaya zote zinateremka. Na magoti yako, na barabara ile..."

"Sikiliza, mudogo wangu. Tangu niolewe, nimekuja Uvira mara ngapi?"

Akahesabu mwenyewe. "Baba. Mama. Shangazi. Kaka yetu. Kila mara niko na kitambaa cheusi kichwani, ziwa ninaliona ku dirisha ya gari, na kesho yake ninarudi. Sasa ninataka nije bila maiti. Siku moja nzima nikae pembeni ya maji, miguu ndani, wajukuu wangu wanione ninacheka kwetu. Ni hiyo tu."

Mtu akikwambia "ni hiyo tu" kwa sauti ile, ujue umekwisha.

Basi nikapanga, na nilipanga vizuri. Nilichukua karatasi ninayokatia mashati, nikachora plaji moja ambako niliwahi kwenda kwenye harusi: mchanga hapa, miti pale, na vile vibanda vya nyasi wanavyoviita payoti vimejipanga mbele ya maji. Nikatia alama kwenye payoti ya tatu, yenye kivuli kirefu. Nikampigia simu msimamizi wa pale, tunayemwita jeran. Akasema Jumatatu ya Pasaka payoti ya tatu ni yetu, ameandika. Nikapanga na chakula: samaki wa kuchoma wanaoitwa mikeke, dagaa zetu ndagala, mchicha wa lengalenga, ugali wa fufu kwa sisi, wali kwa wajukuu kwa sababu batoto ba Bukavu wanachagua.

Mke wangu alisimama nyuma yangu, akaangalia mchoro.

"Umeenda kuona?"

"Kuona nini? Plaji si mbuzi. Haiwezi kukata kamba."

"Weye utaoga ku karatasi siku moja," akasema, akaenda jikoni.

Mwezi wa tatu mvua ikanyesha kama inadai kisasi. Huo ndio wakati wangu wa kazi nyingi. Kila mama anataka gauni la Pasaka, na kila mama ameongezeka kiunoni na hataki kusikia. Wateja walikuwa wanazungumza. Mmoja, nilipokuwa nampima, alisema ziwa limepanda mpaka kwa jirani yake, na wamehamisha kitanda. Nikasema "mm". Mtu mwenye pini mdomoni hasemi zaidi ya hapo. Mwingine akasema mtaa wa chini watu wanapita kwa mtumbwi. Nikasema "mm" tena. Nilijiambia kwamba ziwa linapanda kila masika na kushuka kila kiangazi, na kwamba watu wa Uvira wanapenda kukuza mambo.

Jumamosi, siku moja kabla yaya hajafika, mke wangu alininyang'anya mkasi na kunitoa nje nikaione plaji. Nikapanda tukutuku nikiwa nimenuna. Tulipokaribia, kijana wa pikipiki akasimama katikati ya njia.

"Mbona unasimama?"

"Baba, mbele ni maji."

Mbele kulikuwa maji kweli. Njia ilishuka na kuingia ziwani kama mtu anayekwenda kubatizwa. Ukuta wa plaji ulikuwa umebaki nusu, na nyuma ya ukuta niliona vichwa vya nyasi vimejipanga juu ya maji. Nikahesabu kutoka kushoto. Cha tatu, chenye kivuli kirefu, kilikuwa kimekaliwa na ndege mmoja mweupe.

Jeran alikuwa getini, amevaa bote za mpira mpaka magotini.

"Nimekuja kwa ajili ya payoti yangu," nikamwambia. "Ile uliyoniandikia."

"Ile pale."

"Kwa nini hukunipigia?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi kuliko maji. "Unakaa wapi, mzee?"

"Rugenge."

"Rugenge hii yetu?" Akacheka kidogo. "Nilifikiri unapiga simu kutoka Kinshasa. Nilijua batu ba hapa wote wameona. Muntu anakaa Uvira hajui kama ziwa limetoka? Limetoka tangu mwezi jana, linatembelea batu mpaka ku nyumba, na weye hata kulisalimia hapana?"

Nilitaka kumwambia maneno makali, na nilikuwa nayo mengi. Lakini nyuma yake, ndani ya ofisi, niliona meza zimepandanishwa, na juu ya meza godoro, sufuria na mtoto amelala. Nyumba yake ilikuwa imeshakwenda. Basi hasira yangu ikakosa hata mahali pa kukaa, ikazidi.

Tukazunguka, mimi na kijana wa tukutuku. Mchanga wote wa Uvira ulikuwa chini ya maji, na kila kipande cha nchi kavu chenye dalili ya kuona ziwa kilikuwa kimechukuliwa. Hapa kwaya na ngoma zake. Pale sherehe ya ubatizo. Hoteli moja ya juu ilikuwa imeweka viti vya plastiki kwenye maegesho ya magari na kupaita plaji. Mlinzi akaniuliza barua ya mwaliko. Barua ya mwaliko ya kuangalia ziwa nililozaliwa karibu nalo. Mahali pengine pakavu hapakuwa na mtu, nikafurahi, mpaka kijana akaniambia maji ya mbele yake yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima kabla ya kufika hapo. Katika mji unaojua kipindupindu, huweki miguu ya dada yako mle.

Nikarudi nyumbani, nikampigia yaya.

"Yaya, tuahirishe. Mpaka mwezi wa saba. Maji yatakuwa yameshuka, mchanga utarudi."

Nilisikia mtoto nyuma yake anaimba.

"Mwezi wa saba tutakuwa tumebaki wangapi?"

"Yaya, usiseme hivyo."

"Minye nimeshafunga mizigo. Ukiniahirisha, mudogo wangu, nitakuja ku matanga yako."

Mke wangu alinichukulia simu mkononi, akamwambia, "Yaya, kuja tu. Pahali iko." Halafu akaikata. Nikamuuliza ni wapi. Akanijibu kwamba kuna mama mmoja mteja wangu anayekaa baada ya Kalundu, kule mlima unakoingia majini, na nyuma ya nyumba yake kuna mawe na maji safi. Ameniomba miaka mitatu niende kumpimia nyumbani, na mimi nimekataa kwa sababu ni mbali. Jioni ile nilikwenda kumwomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Fundi amefika kwangu," akasema. "Njo maana mvua haiishi."

Lakini alikubali, akasema tufike mapema, kwa sababu mchana watoto wa jirani wanajaa.

Yaya alifika Jumapili na wajukuu wawili, amechoka na matope ya barabara ya Sange, amevaa kikwembe cha njano. Sikuwahi kumwona kwa rangi ile tangu harusi yake. Jumatatu tukakodi gari. Njia ikapita juu ya mtaa wa chini, ule tuliokulia, na sikuwa nimefikiria hilo. Dereva alipunguza mwendo. Mabati ya paa tu yalikuwa yanaonekana juu ya maji, na juu ya bati moja mtu alikuwa ameanika nguo.

"Ile haikuwa nyumba ya mama mkatoliki aliyeuza ndagala?" yaya akauliza.

"Ndiyo."

"Iko wapi yeye?"

Sikujua. Akauliza wa nyumba ya pili, na wa ile yenye mwembe. Sikujua.

"Hukuniambia," akasema.

"Sikuwa nimeona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kikwembe, na akaendelea kupangusa hata baada ya kicheko kwisha. Wajukuu walimtazama. Minye nilitazama mbele, nikiwa na hasira na dereva kwa nini haendi haraka.

Kule kwa mama mteja mawe yalikuwa ya kuteleza. Yaya hakuweza kushuka kwa magoti yale, kwa hiyo tulimketisha kwenye kiti cha jikoni, mke wangu akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukamteremsha kama bibi harusi wa kizamani. "Polepole, mushone wa nguo," akawa ananitania, "hapa hakuna uzi wa kunifunga ukinirarua." Tukakiweka kiti penye maji ya kufika kwenye vifundo. Akavua viatu. Akashusha miguu, akafumba macho.

Wajukuu walirusha mawe. Mikeke ikachomwa, mmoja ukaungua. Watoto wa jirani walijaa kama tulivyoambiwa, na mmoja wao aliiba ndizi zetu kwa ufundi mkubwa. Nilikaa juu ya jiwe lenye ncha, nikiwa na viatu miguuni, nikijiuliza ni nani aliyewadanganya watu kwamba hii ni starehe.

Saa nane, wingu jeusi likatokea juu ya mlima. Nikasimama haraka; nilikuwa nalisubiri.

"Yaya, twende. Mvua hii ni ya kweli."

"Nenda."

"Utalowa. Gari inangoja."

"Ingoje." Hakufungua hata macho. "Mara zote gari ilikuwa inaningoja, na makaburini walikuwa wananingoja. Leo hakuna wa kuzika. Minye niko vakansi."

Matone ya kwanza yakaanguka, mazito. Mke wangu alikimbiza wajukuu barazani kwa mama mteja, akaniacha. Nikalaani wingu, nikalaani ziwa, nikamlaani jeran na ndege wake mweupe, halafu nikavua viatu, nikaingia majini na sahani kubwa ya fufu, tupu, nikaishika juu ya kichwa cha dada yangu. Haikumfunika hata mabega.

"Inua kidogo," akasema yaya, sasa akitazama ziwa. "Unanizuia kuona."