Mchawi wa Betri wa Mtopanga

Watu wazima, wenye akili zao na vitambulisho vyao, walilizunguka gari aina ya Probox hapa Mtopanga wakaanza kulikemea.

"Toka! Achia hiyo betri! Toka!"

Wakaipaka boneti mafuta ya upako. Mmoja akaikumbatia taa ya mbele akalia machozi.

Mwenye gari, Nafula, akaingia akazungusha ufunguo.

Tik.

Halikuwaka. Pepo gani huyo hata Kiswahili hasikii?

Nawasimulia hiki kisa kama kilivyokuwa, maana mtaani kila mtu ana chake.

Nafula anashona sare za shule. Gari alilinunua kwa jasho la cherehani yake, na ndilo lililompeleka Kongowea kufuata vitambaa na kufikisha sare mashuleni mpaka Mwakirunge. Mumewe, Bonface, anafanya kazi bandarini. Mwanamume wa shati lililonyooka, wa kuomba kwa sauti kanisani, wa kujua kila kitu.

Ghafla gari likaanza vituko. Ukilitumia kila siku, halina neno. Ukiliegesha Ijumaa, Jumapili betri imekufa fofofo.

Fundi wa kwanza akasema, nunua betri mpya. Akanunua. Ikafa. Wa pili akaapa kwamba ni altaneta, ile inayochaji betri. Ikabadilishwa. Betri ikafa tena. Mafundi gani hao? Hawapimi kitu, wanakisia tu, halafu kukosea kwao unakulipia wewe.

Ndipo Bonface akaja na jibu lake.

"Ni huyo kizee," akasema, kidole kimeelekea mlango wa jirani. "Kila asubuhi anafagia karibu na gari. Anafagia nini pale?"

Kizee chenyewe ni Nyamvula, mjane Mgiriama kutoka Kaloleni, muuza mbaazi. Alifagia pale kwa sababu ndipo mlangoni kwake. Alitaka akafagie wapi, uwanja wa ndege?

Ungedhani watu watacheka. Thubutu!

Wateja wa mbaazi wakakata mguu. Watoto wakakatazwa kumwamkia. Vijana wa maskani wakaanza kusema kwamba nyumba ya mchawi hushika moto yenyewe. Na huku kwetu Pwani maneno hayo si mzaha. Wazee wameuawa kwa sababu ya mvi tu.

Nafula hakuamini hata kidogo. Lakini kila akibisha, Bonface alimjibu kwa aya ya Biblia na kumgeuzia mgongo.

Siku moja Nafula akamkuta Nyamvula anafunga virago.

"Shikamoo, nyanya. Safari ya wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Bi Mwanasaumu ameitisha kikao Jumamosi, juu yangu. Naona niondoke mapema, nisije nikatolewa mbele za watu."

Bi Mwanasaumu ndiye mwenye nyumba.

"Usitoke," Nafula akamwambia. "Hiyo Jumamosi nami nitakuwepo."

Akampigia simu Lenox, fundi wa umeme wa magari kule Changamwe, upande wa Airport. Lenox ana mdomo mchafu na majivuno ya kutosha mtaa mzima, lakini hakisii. Anapima.

Jumamosi asubuhi, uani kumejaa. Bi Mwanasaumu kwenye kiti, wale wa maombi waliolikemea gari kwenye benchi, Nyamvula kwenye kigoda chake, peke yake. Bonface kasimama, shati jeupe, simu mfuko wa kifuani, anaeleza giza linavyofanya kazi.

Lenox akaingia na sanduku lake, akapita moja kwa moja hadi kwenye gari.

"Na huyu?" Bonface akauliza.

"Nimemwita mimi," akasema Nafula. "Gari ni langu."

Bonface akafyonya, akaendelea kuhubiri.

Lenox akazima kila kitu, akatoa ufunguo. Akaiunga mita yake kati ya waya wa hasi na betri, ndipo akaufungua waya wenyewe bila kukata umeme, ili stima yoyote inayotoka ipite hapo na ionekane. Akangoja kidogo.

"Siste, kuja uone. Gari limezimwa, lakini kuna kitu kinakunywa tu."

Akaanza kuchomoa fuzi mojamoja. Ya honi, mita haikutikisika. Ya taa, wapi. Ya redio, namba ikaporomoka karibu na sufuri.

Simu ya Bonface ikalia, tii! Akaichungulia, akairudisha mfukoni haraka.

"Mchawi amejificha nyuma ya redio!" Lenox akapaza sauti. Wawili wa maombi wakasimama.

Akaifungua dashibodi, akapenyeza mkono, akavuta kidude cheusi mfano wa kiberiti, nyaya zake zimesokotwa ovyo na kuviringwa selotepu.

"Hii ni traka. Ina laini ya simu na kabetri kake ndani, inamwambia mtu gari liko wapi. Aliyeifunga ameunganisha waya wa redio na ule wa stima ya saa zote. Sasa redio hailali hata ukitoa ufunguo. Mchawi wenu anatumia selotepu!"

Akarudisha fuzi. Tii! Akaichomoa. Tii!

Kifuani kwa Bonface.

"Baba," Bi Mwanasaumu akasema polepole, "mbona akigusa huko, wewe ndiye unayelia?"

Nafula akanyoosha mkono. "Nipe simu."

"Nafula, haya tutaongea ndani..."

"Nipe."

Ujumbe ulikuwa pale kwenye kioo: *Umeme wa gari umekatwa*. Juu yake, safari zake zote. Kongowea. Shuleni. Kongowea. Kanisani. Miezi yote hiyo shujaa wetu alikuwa akimpeleleza mkewe akinunua vitambaa vya kaptura!

"Sikujua kama inakula betri," Bonface akasema. "Wallahi sikujua." Mtu wa upako, leo anaapa wallahi!

Hapo Nyamvula akainuka.

"Kumbe ndicho kile," akasema. "Mwanangu, ulipokwenda kwenu mazishini, nilimwona huyu na mtu wamejilaza chini ya usukani. Kesho yake nikamuuliza kwa wema, baba, gari limepona? Hakunijibu. Tangu siku hiyo mimi ni mchawi."



Kwa hivyo Bonface hakuwa mjinga tu. Alitaka ajuza yule ahamishwe, ikibidi achomwe, kabla hajafungua kinywa.

Jioni wale wa maombi walirudi kusuluhisha ndoa. Nafula akawapa sharti moja: Bonface amwombe Nyamvula msamaha, pale pale uani, mbele ya wale wale waliomsikia.

"Mimi? Nimwangukie kizee cha mbaazi?"

"Basi nguo zako ziko kwenye begi," akasema Nafula.

Alikuwa ameshazikunja.

Bonface sasa amepanga Likoni, na nasikia huko anasema alirogwa. Bi Mwanasaumu aliomba radhi huku akilia. Wale wa benchi wamerudi kununua mbaazi kana kwamba hawakusema kitu, na Nyamvula anawapimia, lakini bila kuwatazama usoni.

Nawe ukija kuambiwa kwamba jirani yako ni mchawi, usihangaike kumchunguza jirani. Mchunguze anayekwambia.