Ushuhuda Usio Wangu

Mwalimu wetu wa fasihi ya mwanzo ya Marekani, pale Mbarara, alikulia kambi ya jeshi ya Makenke. Akikasirika huacha Kiingereza na kushika Kiswahili cha baba yake askari. "Wewe nasoma kama mutu ya kutangaza bei ya matoke," aliniambia mbele ya darasa zima. "Jumatatu sema tena." Kama ningeshindwa hata hiyo Jumatatu, ningerudia mwaka, na mfadhili wangu halipii mtu kurudia.

Kazi yenyewe niliiona nyepesi. Wapuritani, wale Wakristo wakali waliovuka bahari kuhamia Amerika, waliamini kwamba Mungu aliwachagua watakaookoka kabla hawajazaliwa, ila hakuna aliyejua kwa hakika kama yumo. Aliyetaka kuingia kanisani alisimama mbele ya wote, akasimulia jinsi Mungu alivyomshughulikia, na mashaka yake yote asifiche, kisha wao wakaamua kama wampokee. Maandishi yao mengi yametokana na kujichunguza huko. Sisi tuliambiwa tutunge ushuhuda wa aina hiyo na kuusema kwa kinywa cha mtu wa zamani zile. Nilimtunga mama mjane. Kwa maoni yangu alikuwa ametoka vizuri sana, na nilimnunia mwalimu njia nzima hadi nyumbani Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi.

Mama yangu alinisikiliza huku akisonga bukari, ugali wa kwetu. "Hii si maneno ya kusomea batu ba masomo," akasema. "Ni ya kanisa. Kesho utaisema kule, basikie."

Jumapili, wakati wa shuhuda, nikasimama na kitenge changu kipya, nikaanza moja kwa moja. Nilidhani Mama ameshawaeleza kwamba ni kazi ya shule. Mama naye alidhani nitaeleza mwenyewe.

"Nilivuka maji na watoto," nikasema, "nikaacha kaburi la mume wangu upande ule. Tangu nifike nchi hii nasali na sisikii kitu. Naogopa Mungu alichagua wengine, mimi akanipita."

"Yesu!" akalia mama mmoja wa kwaya. Kanisa zima linajua sijawahi kuolewa, lakini hakuna aliyejali. "Hata mimi!" akaitikia mwingine nyuma, na watu wakaanza kufuta macho. Hapo nikatazama mbele. Maneno niliyoyatunga bwenini, nimeshiba chapati, yalikuwa yamekaa benchi la mbele yakinitazama: mama yangu, aliyemzika Baba kule kwetu Fizi, akatuvusha ziwa, akatufikisha mpakani Kikagate kwa miguu iliyovimba. Nilikuwa nimemwandika yeye bila kujua. Nilijikaza, nikamaliza nikilia.

Mchungaji akasimama, akauliza kama tuulizavyo kwa mgeni yeyote: "Bandugu, tunamupokea?" Mikono yote juu. Mimi, niliyekulia kwenye kanisa lile tangu shule ya Jumapili!

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Ni kazi ya shule! Ni mama wa Amerika!"

Walicheka hadi ngoma ikaanguka. "Mikono imekwisha kupanda," akasema mchungaji. "Tumemupokea huyo mama. Sasa atalala fasi gani?"

"Kwangu," akajibu Mama. "Fasi iko."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, kicheko kilikuwa kimemwisha. "Ulijua namna gani?" akaniuliza. "Ile ya kusali bila kusikia kitu. Sikukuambiaka ata siku moja." Nilimshika mkono tukaendelea kutembea.

Jumatatu sikushika karatasi. Nilisema nikitazama benchi la mbele, ingawa kule Mbarara lilikuwa tupu. Nilipomaliza nikawaambia wenzangu wafanye kama Wapuritani: anayenipokea ainue mkono. Mwalimu akainua wa kwanza.

Nikampigia Mama simu palepale kwenye korido, nikiruka-ruka. "Mama, nimepita!"

"Mungu asifiwe. Na ule mama?"

"Yeye pia bamemupokea."

Nikamsikia akiweka mwiko chini.

"Aksanti," akasema.