Ukuta wa Kadibodi

Kuna kipande cha kadibodi ninachokichukia kuliko mtu yeyote niliyewahi kugombana naye. Kimekunjwa mara tatu, upande mmoja kimechorwa ngome na minara, na kazi yake ni kusimama mezani mbele ya anayeendesha mchezo ili sisi wengine tusione dadu zake zimeangukaje.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana wapita njia wengi walidhani tunacheza kamari. Hakuna pesa pale, hakuna hata ubao. Watu wanakaa mezani na mmoja anaendesha: anasimulia dunia, milima yake, majoka yake na watu wake wabaya. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Naruka ukuta. Namdanganya mlinzi. Pale ambapo haijulikani kama ataweza, dadu inarushwa, na dadu ikishasema imesema. Watu wazima wenye ndevu tulikuwa tunamaliza Jumapili tukibishana juu ya joka ambalo halipo, na sikuwahi kuona aibu.

Aliyetuletea mchezo huo ni rafiki yangu muuza spea za malori. Aliujulia Lusaka alikokuwa akifuata mzigo, akarudi na mfuko wa dadu za pande nyingi na kanuni zilizotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia. Tulikutana kibarazani kwake Tunduma, Jumapili mchana duka likiwa limefungwa, upepo ukitujazia vumbi kwenye chai. Dadu tulizirushia kwenye sinia la mke wake, lile la maua mekundu la kulia wali, kwa sababu mezani zilikuwa zinaruka hadi mtaroni. Mke wake alilalamika kila wiki. "Shemeji, nyie ni watu wazima kweli? Sinia langu mmelifanya uwanja wa mpira." Lakini alilitoa, kisha akarudi kwenye mkeka wake pembeni kuchambua maharage, huku akitusikiliza kwa siri.

Mimi nililipenda lile sinia. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia, na mji wangu ni mji wa maongezi. Bei ya kiwanja, maongezi yapo. Nafasi ya kuegesha lori, maongezi yapo. Kule Mlowo gunia la mahindi limejazwa mpaka limeota kichwa, ukiuliza kama hilo ni gunia moja au moja na nusu, dalali anacheka na kukuambia maongezi yapo. Wiki nzima nawasikia watu wakilainisha kila kitu kigumu mpaka kinakuwa uji. Jumapili dadu inaanguka kwenye bati, inagonga huku na huku, inatulia, wote tumeinama, na hakuna mwenye mdomo wa kuongea nayo. Mhusika wangu wa kwanza, mwizi hodari niliyemtungia hata mwendo, alikufa siku hiyo hiyo kwa kuteleza kwenye ngazi. Nilinuna, nikala, nikatunga mwingine.

Mwenzetu wa tatu alikuwa dada mmoja muuguzi. Mimi nilitunga mashujaa wenye misuli. Yeye alitunga bibi kizee mwenye mkuki, mchunga ng'ombe, mkali, asiyependa kuharakishwa. Bibi yule alikuwa akisimamisha vita ili kwanza awasalimie maadui na kuwauliza wametokea kwa nani. Tulicheka mpaka machozi. Tulimpenda yule bibi kuliko wahusika wetu wenyewe, na hata mke wa rafiki yangu alikuwa akiuliza toka mkekani, "Bibi hajambo wiki hii?"

Siku moja tukitembea kuelekea kituo cha basi, muuguzi akaniambia kwamba bibi yule hakumtunga. Ni bibi yake mzaa baba, aliyetembea na ng'ombe kutoka Usukumani mpaka bonde la Momba, akatua Msangano na kumlea yeye hapo. Alifariki muuguzi akiwa chuoni, kwenye mitihani ya mwisho. Nyumbani wakakaa kikao, wakaamua asiambiwe asije akafeli. Kila akipiga simu, bibi amelala, bibi ametoka, bibi anakusalimia. Alirudi na kitenge alichomnunulia bibi kwenye begi, akaonyeshwa kaburi ambalo nyasi zilishaota. Matanga yalishaanuliwa, majirani walishatoa pole zao kwa wengine na kuondoka. Alipouliza kwa nini, walimjibu wote kwa neno moja: tulikuhurumia.

"Sikulia," aliniambia. "Ningemlilia nani? Watu wote walikuwa wameshanyamaza."

Basi ndiye huyo bibi aliyekuwa anakaa nasi mezani. Nilikijua kitu hicho mimi peke yangu, na nilikitunza.

Mambo yalianza kuharibika rafiki yangu alipochoka kuendesha. Alitaka naye acheze, haki yake. Akajitokeza jamaa wa bima ya magari, mgeni kutoka Dar, mwenye vitabu vya rangi, kadibodi yake na sauti ya mtangazaji. Tulimkaribisha. Mungu anisamehe, nilimpisha hata kiti changu.

Sijawahi kuona mtu anaendesha vibaya kwa bidii namna ile. Alianza kila Jumapili kwa kutusomea historia ya wafalme, ndefu kuliko mahubiri tuliyotoka kuyasikiliza asubuhi. Dunia yake ilikuwa ya theluji hadi magotini. Akatuvalisha manyoya sisi ambao baridi tunayoijua ni ya Mbozi, ya sweta na kikombe cha chai. Alikuwa na shujaa wake mwenyewe mwenye nywele za fedha, ambaye kila tulipokaribia kufanya jambo la maana alitokea juu ya farasi na kulifanya yeye. Halafu alitafuna karanga akiongea, akilamba vidole ili afunue kurasa, na kwa vidole hivyo hivyo akashika dadu. Nilikuwa nazifuta kwa kitambaa kabla sijazigusa. Anayeendesha mchezo ni kama mwenyeji kwenye karamu: anapika, anapakua, anakaa pembeni watu wale. Huyu alipakua, akala, akatueleza utamu wake.

Ila yote hayo ningeyameza. Nilichoshindwa kumeza ni ile kadibodi. Sinia lilirudishwa jikoni. Dadu zikawa zinaanguka kule nyuma ya ngome na minara, hatuoni, tunaambiwa tu. Na ghafla hakuna aliyekufa tena. Majoka yalikuwa yakikosa shabaha kama vipofu. Nilimpiga mlinda lango kofi kwa makusudi, peke yangu, sina silaha, kumjaribu jamaa tu. Nilitoka salama. Nikajua hata huku nako maongezi yameingia, tena mabaya zaidi, kwa sababu anaongea yeye peke yake.

Jumapili iliyofuata tulifika mtoni. Nyuma yetu kulikuwa na chatu wa majini mwenye kichwa kikubwa kama cha lori, mbele yetu ng'ombe wa kijiji kizima wa kuvusha. Mtu mmoja ilibidi abaki ukingoni amzuie. Kabla hatujabishana, muuguzi akasema, "Bibi anabaki."

"Dada, atakufa," alisema rafiki yangu.

"Najua. Anawaambia muende na ng'ombe. Yeye amechoka kutembea."

Mkekani maharage yaliacha kuchambuliwa. Jamaa wa bima akarusha dadu ya chatu nyuma ya kadibodi. Akaitazama. "Amekosa!" Akarusha tena. "Amekosa tena, huyu bibi ni noma!" Akarusha mara nyingine, na safari hii nikaona mkono wake ukiifunika dadu haraka, kama mtu anayeficha kipande cha nyama. "Amekosa! Na kwa mbali mnasikia kwato za farasi..."

"Imeangukia ngapi?" aliuliza muuguzi.

"Amekosa, dada. Tuendelee."

"Sijakuuliza amekosa. Imeangukia ngapi?"

Jamaa akacheka, akatutazama sisi wanaume kutafuta wa kumsaidia. Hakumpata. Muuguzi akanyoosha mkono, taratibu tu, akaisogeza ile kadibodi pembeni na kuinua vidole vya jamaa kimoja kimoja. Dadu ya pande ishirini ilikuwa imelala kwenye kumi na tisa, na namba kubwa hivyo maana yake chatu amempata.

"Na zile za mwanzo?"

Jamaa akaisukumia ile dadu pembeni.

"Nimekuona unavyompenda huyo bibi," alisema. Sauti ya mtangazaji ilikuwa imemwisha. "Jamani, ni mchezo tu. Nilikuhurumia."

Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye, si mimi. Maneno yote yaliyoko duniani, akachagua lile. Muuguzi hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angepandisha.

"Mdogo wangu, mimi bibi yangu alikufa nikafichwa. Nilihurumiwa na ukoo mzima. Sikumzika, sikuambiwa pole na mtu. Hapa mezani ndipo mahali pekee nilipomchagulia mwenyewe pa kusimama, na wewe unanificha tena." Akamgeukia mke wa rafiki yangu. "Dada, naomba sinia."

Sinia likaletwa bila malalamiko. Lilikuwa bado lina maji. Tulirudia tangu mwanzo, bibi akiwa ukingoni, mkuki mkononi. Jamaa wa bima alirusha kwa chatu na muuguzi alirusha kwa bibi, na kila dadu tuliinama kuisoma wote, hata mke wa rafiki yangu akiwa amesimama nyuma yetu na ungo. Mara ya kwanza chatu alikosa, akakosa kweli, na tulipiga kelele mpaka boda wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Bibi akamchoma jicho. Rafiki yangu akaruka na kupiga ukuta. Kwa kitambo kidogo niliamini atapona, na kuamini huko kulikuwa kutamu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniandalia. Ng'ombe wa mwisho wakavuka. Chatu akarudi. Dadu ikazunguka kwenye maji machache ya sinia, ikatulia kwenye ua jekundu, na haikuhitaji mtu wa kuisoma.

Malori yalikuwa yakipita barabarani kama kawaida. Muuguzi aliitazama ile dadu, akainuka kwenye kiti, akaenda kukaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akajifunika uso kwa mikono na kulia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia.

Rafiki yangu alivua kofia. Alimfuata, akachuchumaa. "Pole sana, dada." Nami nikaenda. "Pole." Hatukupanga, na wala hatukuona kama tunaigiza.

"Asanteni," alisema. "Nimeshapoa." Akaendelea kulia.

Tukakaa naye pale chini. Mke wa rafiki yangu aliweka ungo pembeni, akafungua khanga ya kiunoni na kumfunika mabegani. Wakati huo jirani mmoja, mama wa makamo mwenye ndoo ya maji kichwani, alikuwa anapita, akatuona tumekaa mkekani na mwenzetu analia. Akasimama.

"Jamani, kuna msiba hapa?"

Sisi wanaume tukatazamana. Muuguzi akaondoa mikono usoni.

"Ndiyo, mama. Nimefiwa na bibi yangu."

"Maskini! Lini?"

"Leo."

Yule mama akatua ndoo, akavua ndala, akaja kukaa nasi. Mezani alibaki jamaa wa bima peke yake, amesimama, ameshika kadibodi yake kifuani na ngome zake zikitutazama.

"Weka hilo," nilimwambia, "uje ukae chini."