Ukumbi wa Konfusio Juu ya Duka la Mikate

Binti wa jirani yetu wa zamani alinipigia simu Jumanne, nikiwa ndio kwanza nimevua viatu vya kazini. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuinua, kuogesha, kulisha, na siku hizi nikifika nyumbani sina hata nguvu za kuwasha jiko. Akaniambia jengo limeuzwa, ukumbi unatakiwa uwe mtupu kufikia Ijumaa, ndugu zake wako mbali. Je, naweza kuja kumsaidia kubeba vitu? Nilitaka kumwambia nimechoka. Nikajikuta nimesema, "Nakuja."

Basi, rafiki yangu, nikazipanda tena zile ngazi za mtaa wa Weston, ngazi nilizozipanda kila Jumamosi tangu nina miaka tisa. Chini bado kuna duka la mikate, ingawa waokaji ni wengine. Juu, ukumbi ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Zulia limekunjwa, viti vimepangwa ukutani, vumbi limetanda kwenye madirisha yanayotazama reli. Nikaketi kidogo kupumzisha mgongo, nikashindwa kunyanyuka kwa muda mrefu.

Tulikuja Toronto watatu, mimi, mama na bibi mzaa mama, kutoka Tanga. Mama alipata kazi ya usafi uwanja wa ndege, kazi ya zamu zisizotabirika, hata nikawa namjua zaidi kwa mlio wa funguo zake kuliko kwa uso. Bibi ndiye aliyebaki nami, ghorofa ya saba, karibu na mto Humber. Alikuwa mtu wa swala tano, mtu wa kujifunga kanga juu ya koti la baridi bila kujali nani anamtazama. Asubuhi alikaanga maandazi ya iliki, na harufu ikapita chini ya mlango ikaenda hadi kwenye lifti. Harufu hiyo ndiyo iliyomleta jirani.

Jirani alikuwa mzee wa Kichina kutoka Taiwan, mwalimu mstaafu, mjane kama bibi. Alibisha hodi akiwa na pakiti ya majani ya chai mkononi, akanusa hewa, akacheka. Bibi akampa maandazi manne kwenye sahani. Kesho yake sahani ikarudi na machungwa, maana kote duniani, nadhani, sahani ya jirani hairudi tupu. Yeye alikuwa na Kiingereza chake cha taratibu, bibi hakuwa nacho kabisa. Mimi nilijifunza shuleni haraka kama watoto wanavyojifunza, nikawa mdomo wao. Nilikuwa nasimama katikati ya viti vyao nikitafsiri habari za magoti yanayouma, bei ya samaki, na watoto wasiopiga simu.

Yeye ndiye aliyenipeleka ukumbini. Wazee wenzake walikuwa wamepanga chumba kile juu ya duka la mikate ili wamheshimu Konfusio, mwalimu wao wa kale aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Nilitegemea kukuta sanamu. Hapakuwa na sanamu wala picha, ila kibao cha mbao nyekundu chenye maandishi ya dhahabu, kimesimamishwa kwenye meza ndefu. Jumamosi jirani aliwafundisha watoto kuandika kwa brashi na wino. Nami nilifundishwa. Kazi yangu baada ya somo ilikuwa kung'arisha kengele za shaba kwa kitambaa na limau. Mpaka leo nikikata limau nasikia mlio wa kengele zile, mdogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu.

Kila mwishoni mwa Septemba walifanya sherehe ya kuzaliwa kwake. Walipanga mezani wali, tende, njugu, tangawizi na nyama. Ngoma ilipigwa, kengele zikajibu, na watoto kumi na sita wakacheza polepole, filimbi mkono wa kushoto, manyoya marefu ya mkia wa ndege mkono wa kulia. Hatua moja, tuli. Hatua nyingine, tuli. Mwaka nilipotimiza miaka kumi, mmoja wa wachezaji alihamia na wazazi wake mji mwingine. Jirani akaja kumwomba bibi ruhusa nichukue nafasi yake.

Bibi aliweka kikombe chini. "Muulize," akaniambia, "huyo mtu wao wanamsujudia?"

Nikamuuliza. Jirani akafikiri, kisha akanijibu akinitazama machoni. "Ndiyo, tunapiga magoti na kuinamisha vichwa mpaka sakafuni, mara tatu. Mwambie hivyo hivyo. Kwake ni jambo zito."

Unajua mtoto alivyo anapotaka kitu. Nilikuwa nimeyashika yale manyoya. Nilikuwa nimejiona kwenye kioo cha ukumbi, mrefu, mtulivu, si yule msichana mgeni anayechekwa kwa lafudhi yake kwenye foleni ya chakula shuleni. Nikamgeukia bibi nikasema, "Anasema wanainamisha kichwa kidogo tu, kama kusalimia."

"Kama shikamoo?"

"Kama shikamoo, bibi."

"Basi cheza."

Siku ya sherehe bibi alivaa kanga yake mpya juu ya baibui, akaketi mstari wa mbele kama mgeni wa heshima. Jirani alikuwa amewaomba wenzake waifunike nyama ya nguruwe kwa kitambaa cheupe kwa ajili yake. Mimi nilikuwa mwisho wa safu, ndani ya joho la njano lililopindwa kwa pini. Ngoma ikalia. Msimamizi wa sherehe akaita kwa sauti ya kuvuta, na ukumbi mzima ukashuka. Nilisikia magoti ya wazee yakilia kama kuni kavu. Magoti yangu yalikwisha kukunjika nilipomwona bibi.

Hakuinuka, hakupiga kelele. Alivua miwani yake tu, akaishika mapajani, akanitazama.

Nikanyooka. Nilisimama peke yangu juu ya migongo ya watu wote, manyoya mkononi. Mama mmoja wa kamati alininong'oneza kwa ukali, "Piga magoti! Unamdharau Mwalimu!" Sikuweza. Wakashuka mara tatu, wakainuka mara tatu, nami nimesimama. Kisha ngoma ikaendelea na mimi nikacheza, hatua moja, tuli, machozi yakidondokea joho la watu.

Tulirudi kwa basi. Mlangoni kwetu, akiwa na funguo mkononi, ndipo bibi aliposema. "Umenidanganya kwa mdomo niliouazima kwako. Na mimi hapa nchini sina mdomo mwingine."

Nimeambiwa maneno mengi makali tangu hapo, na wakubwa wa kazi, na mume niliyeachana naye. Hakuna lililoniingia kama lile.

Jumamosi zikapita bila ukumbi. Maandazi yakawa hayavuki mlango. Jirani hakubisha hodi, tulisikia tu kikohozi chake ukutani, na bibi akikisikia aliacha kukoroga chungu kwa kitambo, kisha akaendelea. Sikumwambia mtu yeyote kilichotokea, ila mama aliona. Siku yake ya mapumziko, badala ya kulala, alipika biriani, akaenda mwenyewe kumwita jirani. Mimi nikawekwa kwenye kigoda pembeni, nimekatazwa kufungua kinywa.

Jirani aliingia ameshika kofia. "Shikamoo, bibi," akasema. Alikuwa amejifunza, sijui kwa nani, na aliitamka vibaya sana. Bibi akamwitikia marahaba bila kujali kwamba walikuwa rika moja, kisha akamkaribisha kiti.

Mama akatafsiri, neno kwa neno, akipiga miayo katikati.

"Mnamwomba nini huyo mwalimu wenu?" bibi akauliza.

"Hatumwombi kitu. Alikwisha kufa. Tunamshukuru."

"Na kwa nini kwa magoti?"

Jirani aliitazama biriani mpaka ikaacha kutoa mvuke. "Kwa sababu ndivyo alivyofanya baba yangu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa. "Na huyu mtoto? Sisi magoti hayo ni ya Mungu peke yake."

"Basi atasimama. Kamati walisema asirudi. Nikawaambia asiporudi yeye, na mimi sirudi." Akaeleza kwamba Mwalimu huyo, zamani zile, hata mwanafunzi masikini aliyekuja na kifurushi cha nyama kavu tu hakumfukuza.

Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu Septemba. "Kumbe! Na sisi mtoto akipelekwa chuoni kusoma Kurani, haendi mikono mitupu. Mwalimu hupelekewa chochote."

Kesho yake alinunua nyama ya ng'ombe, akaikata vipande virefu, akaipaka chumvi na ndimu, akaitundika kwenye baraza letu la ghorofa ya saba. Ndege wa ziwani wakaja wakaiba nusu. Msimamizi wa jengo akaja akagomba, bibi akamwitikia kwa Kiswahili kwa upole mpaka akachoka akaondoka. Nyama iliyosalia aliimalizia kwenye oveni, akaifunga kwenye kitambaa safi, akaniongoza hadi mlango wa jirani. Jirani akaipokea kwa mikono miwili.

Nilicheza miaka minane baada ya hapo. Watu wote wakishuka, mimi nilibaki wima mwisho wa safu, macho chini. Watoto wapya walidhani ni sehemu ya sherehe, mmoja akauliza mwakani nani atakuwa "yule wa kusimama."

Bibi alifariki nikiwa chuo kikuu, mwezi wa Februari, ardhi imeganda. Jirani alikuja msikitini, amevua viatu, akasimama safu ya nyuma kabisa, hajui cha kufanya na mikono yake. Unajua swala ya maiti haina rukuu wala sijida, watu husimama tu mpaka mwisho. Tulipotoka nje kwenye theluji akaniambia polepole, "Leo tumesimama wote." Akanishika bega. Miaka miwili baadaye tukamzika yeye pia, upande mwingine wa mji.

Vijana wa ukumbi walihamia Markham, nje ya mji, na kwingineko, wakapata nyumba na watoto na foleni za barabara kuu. Sherehe ikawa ya watu thelathini, kisha kumi na mbili. Nami niliacha kwenda. Sikugombana na mtu, zamu tu ziliangukia Jumamosi, na nilipokuwa na Jumamosi nililala.

Siku hiyo ya kubeba vitu, binti wa jirani nami tulishusha kengele kwenye gari lake, moja moja, tukipumzika kila ngazi. Kibao alikizungushia blanketi. Aliniuliza kama ninaweza kuyasoma maandishi, yeye hakuwahi kujifunza. Nilisoma mawili, mengine yamenitoka. Tukacheka kidogo, tukaacha. Akaniuliza kama tukutane Septemba, hata nyumbani kwake, watu wawili watatu. Nikamwambia nitaangalia ratiba, na sote wawili tukajua maana yake.

Nyumbani binti yangu aliniuliza nilikuwa wapi. Anaelewa Kiswahili, ila hujibu kwa Kiingereza. Nikamwambia nilikwenda kwa mwalimu wangu. Akauliza mwalimu wa nini, nami nikamwambia akale.

Siku hizi hakuna anayeniambia nipige magoti, na hakuna anayenikataza. Sikujua kwamba uhuru huo ungenichosha hivi.