Bakuli la Wageni

Wageni wangu hapa Bariadi wakiliona lile kabati la kioo sebuleni husema, "Dada, umetunza kweli urithi wa mama." Naitikia asante. Wangejua, hata chai yangu wasingekunywa.

Ni sahani kumi na mbili za udongo na bakuli moja kubwa, vyote vina maua mekundu. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alivinunua mwaka ambao pamba yetu kule Zagayu ilikubali. Alikuwa amechuma mpaka vidole vikapasuka. Akavifungia kwenye sanduku la bati, kila sahani na kipande chake cha kitenge. Vilitolewa wakija wakwe, au katekista, au mtu yeyote aliyefika amevaa viatu vya kung'aa. Sisi tulikula kwenye plastiki, naye pia. Siku moja nilijipakulia ugali kwenye sahani ya maua. Alinipiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, na ule ulikuwa mwiko wa kusongea ugali wa watu tisa! Sikulia. Niliapa vyombo vile vitakuwa vyangu.

Vikawa. Alipopata kiharusi nilimleta mjini pamoja na sanduku lake. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto ulitetemeka. Nikanunua kabati, nikavipanga, nikawa navifuta kila Jumamosi, naye akinitazama kutoka kwenye godoro lake.

Asubuhi moja nilimpelekea uji kwenye kikombe cha plastiki. Akausukuma, akanyoosha kidole kabatini, kwenye bakuli.

"Leo nitilie mle," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Na mimi nionje."

"Utalivunja, Mayu."

"Basi nishikie."

Ningeweza kumshikia. Mikono yangu ilikuwa mizima yote miwili, na siku hiyo sikuwa na kazi wala safari. Lakini nilimtazama, mate yanamtiririka kidevuni, nikaukumbuka ule mwiko, nikasikia raha. Ndiyo, raha, nisiwadanganye! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, si ndivyo mnavyosema?

"Vya wageni hivyo," nikamwambia.

Akafungua mdomo. Nikamnywesha uji kwenye plastiki, akaumaliza. Hakuomba tena, wala mimi sikumuuliza.

Alikufa wiki za palizi. Msibani watu walijaa, vyombo vikapungua, shangazi zangu wakafungua kabati bila hata kuniuliza. Mmoja alinipakulia wali na nyama kwenye lile bakuli, akaniwekea mapajani.

"Kula, mwanangu. Kulia kunataka nguvu."

Mayu alikuwa chumba cha pili, bado hajazikwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kula kwenye bakuli lile, hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa imeiva vizuri. Nilikula nikamaliza, nikaomba niongezewe mchuzi.