Mashine Iliyoniuliza Tarehe

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa mradi wa chanjo ya mifugo pale Karatu, na Jumapili nilihubiri. Mwezi Mei tuliletewa kompyuta. Betri yake ya saa ilikuwa imekufa, hivyo kila jenereta lilipowashwa iliniuliza leo ni tarehe ngapi. Wiki ya kwanza ya kila mwezi niliijibu, nayo ikatoa orodha ya maboma ambayo siku yao ya chanjo ya kimeta imefika. Dereva alifuata orodha hiyo; boma lisilokuwemo halikufikiwa. Juni orodha ilikuwa fupi mno. Nikamshukuru Mungu kwamba kazi inapungua.

Julai, nikiwa nimeshatoa orodha nyingine fupi, aliingia mzee wa Kimaasai kutoka Kakesio, vumbi hadi magotini.

"Mwinjilisti, mlisema mtakuja. Mwezi umeandama mara mbili. Jirani yangu amezika ng'ombe wawili kwa kimeta, na wangu wanachunga palepale."

Nikatazama skrini. "Mzee wangu, siku yako bado."

"Hiyo imewahi kuona ng'ombe?"

"Haikosei, mzee."

"Basi ni wewe." Akacheka, akaketi kwenye benchi. "Mimi siondoki."

Nikaomba kadi yake ya chanjo. Siku yake ilikuwa imepita tangu katikati ya Mei. Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikaiuliza mashine yenyewe leo ni lini. Ikajibu: Aprili, tarehe saba. Sisi tulikuwa tarehe nne Julai. Nilikuwa nimeandika siku kwanza, kisha mwezi, kama tulivyofundishwa shuleni. Yenyewe ilisoma mwezi kwanza. Nilimhubiria mtu kwa uhakika, kumbe sikuwa nimehakiki hata siku niliyosimama.

Nikaenda kwa daktari wa mifugo, nikamwambia kosa ni langu. Hakunikemea; alitafuta funguo za gari. Nilipoandika tarehe upya, orodha ilijaza karatasi tatu, Kakesio ikiwa juu kabisa. Gari likaondoka kabla ya saa sita, mzee ameketi mbele.

Ng'ombe wake walisalimika, wote isipokuwa mtamba mmoja. Habari za mtamba huyo alinipa mwenyewe, bila ukali, alipokuja tena mwezi uliofuata. Alisimama nyuma ya kiti changu.

"Mwinjilisti, iulize kwanza yenyewe inadhani leo ni lini."

Nikaiuliza, naye akasubiri jibu.